Hela Inaishia Wapi? Tuutambue na Kuushinda Ununuzi wa Ghafla

Mwezi huu tumechagua jambo linalozungumzwa sana kwenye bomba la maji, kwenye foleni ya mgao, na hata kwenye vikao vya kupatanisha ndoa. Hela inaingia, hela inatoka, na mwenyewe hajui imeishia wapi.

Hatuandiki makala hii ili kumcheka mtu. Hela ya mkimbizi ni ndogo. Ikitoka mahali pasipofaa, pengo lake linaonekana kwenye sufuria mwezi uleule. Mwenye mshahara mkubwa akinunua kitu cha ovyo atasikitika kidogo, basi. Sisi tukinunua kitu cha ovyo, watoto wanalala na uji mwepesi. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu kuliko watu wengine, na inafaa tulizungumze kwa uwazi kama familia.

UNUNUZI WA GHAFLA NI NINI?

Ni kununua kitu ambacho hukukipanga wakati unatoka nyumbani. Umekiona, umekitamani, umelipa. Ulikwenda sokoni kutafuta chumvi na sabuni, ukarudi na miwani ya jua, na sabuni hakuna. Au mtumba umefunguliwa, watu wamejaa, kila mtu anavuta nguo, na wewe ukavuta yako kwa hofu kwamba mwenzako ataichukua. Ulipofika nyumbani ukagundua haikutoshi.

Tuelewane hapa. Si kila matumizi yasiyopangwa ni ununuzi wa ghafla. Mtoto akipata homa usiku ukatoa hela ya kumpeleka zahanati, hiyo ni dharura. Ukiuza kilo 2 za unga ili upate hela ya sabuni au ya kuni, hilo ni hitaji, na kila mmoja wetu analijua. Vilevile furaha si kosa. Baba akiamua tangu wiki iliyopita kwamba Jumapili atanunua ndagala na mafuta ili familia ile vizuri, hiyo ni furaha iliyopangwa na ina faida kwa nyumba. Maisha ya kambini yana uzito wake, na mtu asiyepata hata siku moja ya kufurahi huishia kuvunja mipango yote kwa mkupuo mmoja.

Tofauti inaonekana kwa swali moja tu. Je, jana ulikuwa unajua kwamba utakitaka kitu hiki? Kama jana hukukiwaza, na leo unaona huwezi kuishi bila hicho, jihadhari.

SIKU 3 ZA KWANZA

Angalia soko letu linavyobadilika. Wiki ya mwisho kabla ya mgao soko limepoa, wauzaji wanasinzia. Siku ya mgao na siku 2 zinazofuata, soko linachangamka kama sikukuu. Redio zinapiga muziki, mandazi yanachomwa, vitenge vinatundikwa mbele kabisa mahali pa kuonekana, wachuuzi wa vyombo wanapita nyumba kwa nyumba. Hayo hayatokei kwa bahati. Mfanyabiashara anaijua kalenda yetu vizuri kuliko sisi wenyewe. Anajua siku ambayo tuna kitu mkononi, na anajua pia siku hiyo tumechoka kwa foleni, tumekaa kwenye jua, na tumetoka katika wiki ya kubana matumbo.

Mtu aliyebanwa muda mrefu anapopata kidogo, moyo unasema, "Acha leo na mimi nionje." Sauti hiyo ni ya kibinadamu kabisa. Lakini mgao ni wa siku nyingi, na ukitumika kama wa siku 3, siku zinazobaki zitadai chao.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Tuchukue mfano wa familia ya watu 6 inayopika kilo 2 za unga kwa siku. Bei tutakazotumia ni za mfano. Wewe weka bei za soko lako.

Siku ya mgao, mama au baba anauza kilo 8 za unga kwa shilingi 700 kila kilo. Anapata shilingi 5,600. Kwa nini bei ni ndogo hivyo? Kwa sababu siku hiyo kila mtu anauza. Kwa ile 5,600 ananunua kitu alichokiona palepale sokoni.

Wiki ya mwisho inafika. Kilo 8 ni siku 4 za kupika, na siku 4 hizo sasa hazina unga. Sokoni kilo imepanda hadi shilingi 1,300, maana unga umeadimika. Kuzirudisha kilo zilezile 8 kunahitaji shilingi 10,400. Maana yake, kitu kilichonunuliwa kwa 5,600 kimeigharimu nyumba 10,400. Hakuna muuzaji aliyetaja bei hiyo, lakini ndiyo bei tuliyolipa.

Na kama hiyo 10,400 haipo? Hapo ndipo mkopo wa unga unapoingia. Mahali pengine masharti ni haya: ukikopa kilo 2 unarudisha 3 siku ya mgao. Familia yetu inakopa kilo 8, mgao unaofuata inarudisha 12. Sasa mwezi wa pili unaanza na upungufu wa kilo 12. Wakikopa tena 12 kuziba pengo, mwezi wa tatu watarudisha 18. Kilo 18 ni siku 9 za kupika. Yaani kitu kimoja kilichonunuliwa kwa dakika 5 mwezi wa kwanza kinakula siku 9 za chakula mwezi wa tatu, na huenda chenyewe kimeshachanika.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Ndiyo hii.

KWA NINI INATUPATA?

Tukijua kinachotusukuma, tunaweza kukizuia. Tumeona sababu 4 kubwa.

Ya kwanza ni uchovu wa akili. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya kwa wakulima wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima wale hupata hela yao kwa mkupuo baada ya mavuno, kama vile sisi tunavyopata mgao kwa mkupuo. Walipewa majaribio ya kufikiri mara mbili: kabla ya mavuno, wakati hela imeisha na madeni yamejaa, halafu baada ya mavuno. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi wakati wa uhaba. Akili yake haikupungua; ilikuwa imejaa mawazo ya deni na chakula, na nafasi ya kufikiri mambo mengine ikawa ndogo. Kumbe mtu mwenye shida anafanya uamuzi huku kichwa kimebeba mzigo. Basi tusiseme, "Fulani hana akili ya hela." Tuseme, "Tumsaidie asilazimike kuamua mambo makubwa akiwa amechoka sokoni."

Ya pili ni macho ya jirani. Nyumba zetu zimesongamana. Jirani akishona kitenge kipya, mtaa mzima umeona. Mtoto akivaa viatu vipya, wako anakuja kulia. Wengi wetu kwetu tulikuwa na shamba, ng'ombe, duka, kazi ya ualimu. Tulipokimbia tuliacha heshima ile nyuma, na kitu kipya mwilini kinaturudishia kidogo hisia ya kuwa mtu. Hilo tunalielewa. Ila heshima inayonunuliwa kwa unga wa watoto haidumu hadi mwisho wa mwezi.

Ya tatu ni hela ya kutumiwa. Ndugu aliye Marekani, Australia au Kanada anatuma kidogo. Kwa kuwa hatukuitolea jasho, tunaiona kama zawadi, na zawadi hutumika haraka. Tusisahau kwamba aliyeituma aliitolea jasho. Pengine alifanya kazi ya usiku kiwandani ili aipate.

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Ni neno linalosemwa kila siku: "Niweke akiba ya nini? Kesho ya mkimbizi haijulikani."

KESHO HAIJULIKANI, KWELI?

Tusilipite neno hili haraka, maana wanaolisema wana sababu. Hapa mkoani Kigoma tumeona kambi zikifungwa. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Mtabila ikafungwa mwaka 2012. Watu walikuwa wamepanda miti, wamejenga, wamefuga kuku, wakaondoka. Mtu aliyeona hayo anauliza kwa haki kabisa: kwa nini nisile leo?

Lakini tuangalie na upande wa pili. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ni mtu mzima, huenda ana watoto wake. Kakuma, kule Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992. Wako waliofika wakasema, "Tutakaa miezi 6 tu," na wakakaa miaka 20. Hatujui kesho italeta nini, ila kila asubuhi imefika, na kila ilipofika ilidai chakula, daftari la shule na dawa.

Na hata ikija safari, iwe ya kurudi nyumbani, ya kuhamishiwa kambi nyingine, au ya kupelekwa nchi ya tatu, ni kitu gani kitakusaidia njiani? Kabati halipandi basi. Redio kubwa utaiuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu siku hiyo kila mtu anauza. Akiba ya hela ni mzigo mwepesi kuliko yote. Kwa hiyo yule asiyeijua kesho ndiye anayeihitaji akiba zaidi, kwa sababu hajui atakapoamka wapi.

JIPIME MWENYEWE

Jibu maswali haya kwa ukweli, ukiwa peke yako au na mwenzako wa ndoa.

1. Je, umewahi kununua kitu ukakificha ili mwenzako asikione?
2. Je, nusu ya hela yako huisha ndani ya siku 3 za kwanza?
3. Je, kuna kitu ndani ya nyumba ulichokinunua mwaka huu ambacho hujakitumia hata mara moja?
4. Je, unakwenda sokoni ukiwa na hasira, huzuni au upweke, na unarudi umenunua kitu?
5. Je, unasema mara kwa mara, "Ilikuwa bei rahisi sana, ningeachaje?"
6. Je, una deni dukani ambalo hukumbuki lilianza na kitu gani?

Kama umejibu ndiyo mara 1 au 2, uko kama watu wengi. Kama umejibu ndiyo mara 3 au zaidi, hela yako inakuendesha. Usife moyo. Tabia hii ni ya kujifunza, na iliyojifunzwa inaweza kuachwa.

NJIA 7 ZA KUISHINDA

1. Gawa kabla ya kutoka. Hela ikifika, isitoke nyumbani ikiwa fungu moja. Kaeni chini mgawe: chakula cha nyongeza, sabuni na kuni, shule, afya, akiba, na kidogo cha furaha. Tumieni makopo, bahasha au vitambaa vilivyofungwa. Hela yenye jina ni ngumu kuitoa. Ukivunja kopo la daftari za watoto ili ununue miwani, mkono wenyewe utakutetemeka.

2. Nenda sokoni na karatasi, na hela ya karatasi hiyo tu. Asiyejua kuandika amwambie mtoto amwandikie, au ahesabu vitu kwa vidole. Hela nyingine ibaki nyumbani. Ukikiona kitu kizuri na huna hela mfukoni, utarudi nyumbani kukichukulia hela, na njiani tamaa inapungua.

3. Kilaze usiku mmoja. Kitu chochote ambacho hakipo kwenye karatasi, usikinunue siku ile ile. Mwambie muuzaji, "Nitarudi kesho." Akikujibu, "Kesho hutakikuta," mwache. Vitenge havijawahi kuisha duniani. Kwa kitu kikubwa, kama simu au redio, subirini wiki nzima na mzungumze wawili.

4. Kula kwanza. Usiende sokoni na njaa, na kama inawezekana usiende na watoto. Mwenye njaa kila kitu kinamnukia.

5. Uza kwa mpango. Kama lazima uuze sehemu ya mgao ili upate hitaji lingine, usiuze siku ya kwanza wakati bei iko chini kabisa. Ukiweza kusubiri hata wiki moja, kilo ileile itakupa zaidi. Na jua kabla hujauza: nauza kilo ngapi, kwa ajili ya nini? Ukishapata hela ya hilo, simama hapo.

6. Usimwachie mtu kadi yako ya mgao. Kadi hiyo ni chakula cha familia nzima, na ya mtoto mdogo imo ndani yake. Ukiiweka rehani dukani, umempa mwenye duka nafasi ya kuamua utakula nini. Wapo wenye maduka waaminifu, hatukatai. Hata hivyo deni likae kwenye daftari, kadi ikae nyumbani.

7. Andika kila siku. Daftari la shilingi mia chache linatosha. Upande mmoja kilichoingia, upande mwingine kilichotoka. Fanya hivyo mgao mmoja tu, halafu someni pamoja. Wengi watashangaa kuona vitu vidogo vya kila siku, soda, sigara, vocha, mandazi, vimekula zaidi ya kitu kikubwa walichokuwa wanagombana juu yake.

SIMU NA MKEKA

Kwa vijana tuna neno la pekee. Huduma ya hela kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, na imetusaidia sana. Hela ya ndugu inafika bila mtu kusafiri nayo. Lakini hela ya simuni haina uzito. Noti ukiitoa mfukoni unaiona ikiondoka. Ya simu unabonyeza tu. Halafu kuna muda wa maongezi wa kukopa. Unaongea leo, kesho ukiweka vocha inakatwa pamoja na ada. Kijana anaona vocha inaisha haraka, kumbe analipia maneno ya juzi.

Na mkeka, yaani kubeti mpira. Tutasema wazi. Kampuni za kubeti hujipatia faida kwa kuwa wachezaji kwa ujumla huweka zaidi ya wanavyolipwa. Mmoja akishinda mnasikia kambi nzima. Walioliwa wako kimya. Kijana, usiifanye hiyo kuwa njia ya kutafuta hela. Na ukishaliwa, usiweke tena ili kurudisha iliyopotea. Kishawishi hicho cha pili ndicho kinachomaliza watu. Kama huwezi kuacha, mwambie mtu unayemwamini. Siyo aibu.

SANDUKU LENYE KUFULI

Kuna watakaouliza: hata nikigawa hela kwenye makopo, si nitaifungua mwenyewe? Swali zuri. Magharibi mwa Kenya watafiti walijaribu jambo hili kwa watu waliokuwa katika vikundi vya upatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Baadhi walipewa kisanduku cha bati chenye kufuli, na ufunguo wakabaki nao wenyewe. Waliambiwa wataje wanaweka akiba kwa ajili ya hitaji gani la afya, kama chandarua. Kisanduku hicho tu, bila kuongezewa hela, kilifanya matumizi yao ya kujikinga na maradhi yapande kwa karibu theluthi mbili. Waliochangiana katika chungu cha pamoja na wenzao walifanikiwa zaidi.

Sababu? Hela iliyofungiwa kwa jina lake ilikuwa rahisi kuinyima vitu vidogo visivyopangwa. Pia ilikuwa rahisi kumwambia ndugu anayeomba, "Hela ipo lakini ina kazi yake." Hapa kambini tunajua ugumu wa kusema hapana. Kisanduku kinakusaidia kusema.

Kwetu Kongo tunaita likelemba, Warundi na Wanyarwanda wana majina yao, na hapa Tanzania wanaita upatu. Ni desturi ya siku nyingi. Njia nyingine ni kikundi cha kuweka na kukopa. Utaratibu huo ulianzia nchini Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini wakisaidiwa na shirika la CARE, na umeenea Afrika yote, kambi za wakimbizi zikiwemo. Unafanya kazi hivi.

Watu 15 hadi 25 wanaoaminiana wanachaguana. Wanakubaliana bei ya hisa moja, ndogo ambayo hata aliye maskini kuliko wote anaiweza. Kila mkutano, mwanachama ananunua hisa 1 hadi 5. Sanduku lina kufuli 3, funguo zinashikwa na watu 3 tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi nje ya mkutano, na hela inahesabiwa mbele ya wote. Kuna mfuko mdogo wa jamii kwa msiba na ugonjwa. Mwanachama anaweza kukopa na kurudisha na riba kidogo, na riba hiyo inarudi kwa wanachama wote. Baada ya muda wa karibu mwaka mmoja, hela yote inagawanywa kulingana na hisa.

Umeona siri yake? Kufuli 3 zinaweka umbali kati ya mkono wako na hela yako. Tamaa ya Jumatatu haiwezi kungoja mkutano wa Ijumaa. Itakufa njiani.

Tuwape tahadhari moja. Siku ya kugawana hisa ni kama siku ya mgao mara 10. Wachuuzi wanaijua. Kikundi kizuri huomba kila mwanachama ataje wiki chache kabla: hela yangu ni ya kununua mbuzi, ni ya karo ya sekondari, ni ya cherehani. Akishasema mbele ya wenzake, atafikiri mara mbili kabla ya kuigeuza.

NDANI YA NYUMBA

Ugomvi mwingi wa hela unatokana na siri. Baba anauza unga mama hajui. Mama ananunua vyombo kwa mkopo baba hajui. Siku mwenye deni anapopiga hodi, nyumba inawaka moto. Tunashauri kikao kimoja kila mgao, nusu saa tu, jioni watoto wakiwa wamekula. Kila mmoja aseme bila kukemewa. Na kila mmoja, mume na mke, awe na fungu dogo lake ambalo halihojiwi. Mtu mwenye haki ya kidogo chake hana sababu ya kuiba cha wote.

Watoto nao washirikishwe. Mtoto wa miaka 8 anaelewa akiambiwa, "Hela ya viatu tunaiweka kwenye kopo hili, imebaki hivi." Ukimjibu tu, "Sina," huku akikuona na soda mkononi, umemfundisha somo lingine.

Kwa wanaopokea kutoka ng'ambo, mwombeni ndugu atume kwa awamu, au atume ya shule wakati wa shule. Yeye atafurahi kuona ina kazi.

MWISHO

Kuna jambo lazima tulisema ili tusimwumize mtu. Wapo kati yetu ambao hawana cha kugawa kwenye makopo. Mgao ukipunguzwa, familia inaishiwa hata kama haikununua kitu hata kimoja cha ovyo. Mjane mwenye watoto 7 na mzee anayeishi peke yake, msijilaumu kwa kusoma makala hii. Upungufu wenu haukutoka kwenye tamaa. Nendeni mkaongee na viongozi wa mtaa na wahudumu wa jamii, na majirani tusingoje tuombwe.

Kwa sisi wengine tuliobaki na kidogo, hicho kidogo ndicho cha kulinda. Haba na haba hujaza kibaba. Mgao unaofuata, kabla hujatoka nyumbani kwenda sokoni, chagua njia moja tu kati ya zile 7 uijaribu. Moja inatosha kuanza. Ukifika wiki ya mwisho, fungua chombo cha unga uangalie kimebaki kiasi gani.

Tunawakaribisha mtuletee maoni yenu, na mbinu zenu wenyewe za kulinda hela, ili tuzipitishe kwa wenzetu katika toleo linalokuja. Tunawatakia mwezi mwema, na sufuria isiyokauka.